Asiyejua Maumbile Huuziwa Miujiza

Ndugu msomaji, chukua glasi, ijaze maji hadi ukingoni, ifunike kwa kipande cha kadi ngumu, kishikilie kwa kiganja, kisha pindua glasi juu chini. Sasa ondoa kiganja taratibu. Kadi haianguki na maji hayamwagiki. Watoto watashangilia, na watu wazima waliojifanya hawaangalii watasogea karibu. Hapo hakuna gundi wala uchawi. Hewa inayotuzunguka husukuma kila upande, hata kutoka chini kwenda juu, na msukumo wake unaweza kubeba safu ya maji yenye kimo cha karibu mita 10. Maji ya glasi moja ni mzigo mdogo sana kwake.

Majaribio ya namna hii yanasambaa sana kwenye simu siku hizi: yai linaloingia kwenye chupa lenyewe, sarafu inayoelea, vifaa vya ajabu vinavyotembea bila injini. Wapo wenzetu wanaoyaona kuwa mchezo wa watoto, usiostahili muda wa mtu anayesoma Aristotle na Mtakatifu Thomas wa Akwino. Sisi hatukubaliani nao. Tunaona kwamba jaribio dogo la kufurahisha, likifuatwa na swali "kwa nini?", ni somo halisi la falsafa. Tena ni kazi ya kichungaji, na waamini wetu wanaihitaji sasa kuliko tunavyodhani.

Tuanze na falsafa yenyewe. Katika kitabu cha kwanza cha Metafizikia, Aristotle anafundisha kwamba watu walianza kufalsafa kwa sababu ya kustaajabu. Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni mfano anaoutoa hapo hapo: vikaragosi vinavyojiendesha, yaani vichezeo vya mafundi wa zama zake, ambavyo humshangaza mtu asiyejua kinachovisukuma. Kwake mshangao ni mlango. Mtu huingia akiwa ameduwaa, lakini anatarajiwa kutoka akiwa ameijua sababu. Anayebaki mlangoni akipiga makofi hajaanza kufalsafa bado.

Na mtu anayebaki mlangoni ana soko. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo aliishi Alexandria, Misri, fundi mmoja aitwaye Hero, aliyeandika juu ya vyombo vinavyoendeshwa kwa hewa, maji na mvuke. Kimojawapo ni milango ya hekalu inayofunguka yenyewe. Moto ukiwashwa juu ya altare, hewa iliyofungiwa chini yake hupata joto na kupanuka. Hewa hiyo husukuma maji yapite kwenye bomba hadi kwenye ndoo iliyoning'inizwa. Ndoo ikilemewa hushuka, huvuta kamba zilizozungushwa kwenye mihimili ya milango, na milango hufunguka. Moto ukizimwa, hewa husinyaa, maji hurudi, na milango hujifunga. Hero alieleza pia chombo cha kugawia maji matakatifu: mtu anatumbukiza sarafu, uzito wake unabonyeza kijisahani, maji kidogo yanatoka, na sarafu ikiteleza maji yanakatika.

Hero aliyaandika haya yote wazi, kwa hiyo hatumhesabu miongoni mwa wadanganyifu. Lakini tumfikirie mwabudu aliyesimama nje ya hekalu kama hilo, asiyejua kamba wala ndoo. Kwake, mungu amefungua mlango. Anayeshikilia kiberiti ndiye anayejua zaidi, na akitaka anaweza kumwongoza mwabudu huyo popote.

Miaka karibu 2,000 imepita, na milango ile bado inafunguliwa. Mwaka 2014 televisheni moja ya Kenya ilionyesha jinsi mhubiri alivyotumia pamanganeti ya potasiamu, kemikali inayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia vidonda, ili maji ya kuwanawishia watu miguu yageuke mekundu yafanane na damu. Mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kuingia maabara anaijua rangi ile. Lakini waliokuwa wakinawishwa wengi wao hawakuwahi kuiona, au waliiona mara moja tu ubaoni, imechorwa kwa chaki. Walitoa sadaka wakiamini ugonjwa umetoka. Hapo ndipo tunaposema kwamba jambo hili si mchezo. Mtu anayeamini kwamba ugonjwa wake umetoka pamoja na maji mekundu anaweza kuacha vidonge vyake kesho yake.

Dawa ya udanganyifu wa namna hiyo imewahi kuwa jaribio, tena jaribio la kuchekesha kidogo. Mwaka 1853 watu wa London walishikwa na wazimu wa meza zinazozunguka. Walikaa wakiizunguka meza, wakaweka mikono juu yake, na baada ya muda meza ikaanza kusogea. Wengine walisema ni roho za marehemu, wengine wakasema ni umeme. Michael Faraday, mwanasayansi mkubwa na Mkristo mcha Mungu, hakuwatukana. Alitengeneza kifaa chepesi: mbao mbili zilizotenganishwa na vijiti vya kioo vinavyobingirika, pamoja na ubua mrefu uliokuwa kama mshale wa kuonyesha. Kama meza ndiyo iliyosogea kwanza, mshale ungelala upande mmoja. Kama mikono ndiyo iliyosukuma kwanza, ungelala upande mwingine. Ikaonekana ni mikono. Tena waliokaa mezani hawakuwa waongo; walisukuma bila kujua. Na walipoweza kuuona mshale wenyewe, meza ilitulia. Kwa maoni yetu hilo ni tendo la upendo: mtu alionyeshwa ukweli kwa namna ambayo yeye mwenyewe aliweza kuuona kwa macho yake, bila kudhalilishwa.

Lakini je, mazoea haya ya kutafuta sababu hayatamaliza imani? Swali hili huulizwa kwa nia njema, nasi tunaliheshimu. Jibu letu tunalipata kwa Mtakatifu Thomas. Kwake, muujiza kwa maana kamili ni tendo la Mungu linalopita utaratibu wa maumbile yote yaliyoumbwa. Basi fikiri: mtu asiyejua maumbile yanaweza nini atajuaje kwamba yamepitwa? Kwake kila kitu ni muujiza, na palipo na miujiza kila kona muujiza wa kweli hauna tena mahali pa kuonekana. Imani haihitaji tuwe wajinga wa mambo ya maji na moto.

Kanisa lenyewe linaishi hivyo. Huko Lourdes, Ufaransa, ambako Bikira Maria alimtokea Bernadeta mwaka 1858, kuna ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883. Wanaodai kuponywa huchunguzwa kwa miaka mingi kabla askofu hajatamka neno. Maelfu wametoa taarifa za kuponywa, lakini uponyaji uliotambuliwa kuwa wa kimuujiza katika muda wote huo ni sabini na kidogo tu. Kanisa linaloamini miujiza ndilo linaloikagua hivyo. Na mwaka 1941 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Thomas, kuwa msimamizi wa wanaochunguza sayansi za maumbile.

Wala ucheshi haukukosekana. Jean-Antoine Nollet, shemasi wa Ufaransa, alijulikana kwa maonyesho yake ya umeme. Mwaka 1746 alipanga askari wapatao 180 wakiwa wameshikana mikono mbele ya Mfalme Louis XV, akapitisha kwao umeme uliohifadhiwa katika chupa. Wote wakaruka kwa pamoja. Baadaye alirudia huko Paris kwa wamonaki wa Kikartusi wapatao 200, waliounganishwa kwa waya, na wamonaki hao wapenda ukimya wakaruka vilevile. Tunaomba sana mtu asijaribu hilo kwa mafrateri. Lakini tazama kilichokuwa ndani ya kicheko: wote waliruka kwa wakati mmoja, na hivyo Nollet akaonyesha kwamba umeme husafiri kwa kasi isiyopimika kwa macho. Miaka miwili baadaye alieleza jinsi maji yanavyopenya kwenye kibofu cha nguruwe kilichojazwa pombe kali, jambo ambalo leo linafundishwa shuleni kwa jina la osmosisi. Hakuishia kwenye makofi.

Karibu na nyumbani tunaye Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ndogo, hivyo akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake aliyeyaingiza bila kuyachemsha. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, na baadaye darasa likawa linamtania. Hakuacha. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Wanafunzi wakacheka tena. Osborne alikuwa na shaka, lakini aliporudi chuoni akaagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Habari hiyo haijaisha. Aristotle naye alikuwa amegusia kwamba maji yaliyotangulia kupashwa joto hupoa upesi. Kwa upande mwingine, mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima upya na hawakupata uthibitisho wa kuridhisha. Wanasayansi bado wanabishana. Hilo halipunguzi heshima ya Mpemba hata kidogo. Alichotufundisha ni kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba dai linajibiwa kwa kupima, halijibiwi kwa kicheko. Mwalimu aliyekubali kujaribu kile alichokitilia shaka anatufundisha sisi tunaojiandaa kusimama mbele ya watu na kusikilizwa bila kupingwa.

Sasa tuseme jambo moja dhidi ya hoja yetu wenyewe, kwa kuwa bila hilo tutakuwa tumeonea watu. Si kila anayekimbilia maji mekundu amekosa somo la kemia. Wapo wasomi katika mistari ile. Mtu huenda kwa sababu mtoto anaumwa na hospitali imeshindwa, au deni limemkaba, au ameachwa peke yake. Mfa maji haachi kutapatapa. Huyo ukimwonyesha tu jinsi rangi ilivyotengenezwa, umemnyang'anya tumaini lake la mwisho na kumwacha ufukweni. Kwa hiyo jaribio haliwezi kusimama peke yake. Padre anayefichua hila bila kumtembelea mgonjwa amefanya nusu ya kazi, na pengine ile nusu rahisi. Mwenye kuonyesha hila inampasa kubaki baadaye, aulize habari za mtoto, amsindikize mzazi kliniki, asali naye.

Tukilikubali hilo, tunapendekeza jambo dogo linalowezekana. Tunapokwenda utume mwisho wa juma, kwa watoto wa Utoto Mtakatifu, kwa vijana, hata kwenye jumuiya ndogo ndogo, tubebe jaribio moja. Halihitaji maabara. Koroga manjano, ile binzari ya kutia rangi kwenye mchuzi, ndani ya glasi ya maji. Maji yatakuwa ya njano. Ongeza magadi kidogo, yale ya kupikia maharage. Mbele ya macho ya wote, njano itageuka nyekundu iliyoiva. Kaa kimya kidogo. Waulize wanafikiri nini kimetokea, na uwaache wabishane. Kisha kamulia limau tone kwa tone, mpaka rangi ya njano irudi. Hapo ndipo ueleze kwamba manjano hubadilika rangi yakikutana na magadi, na kwamba uchachu wa limau huyatangua magadi. Mwisho mpe glasi mtoto mdogo kuliko wote, afanye yeye.

Hatua hiyo ya mwisho tusiiruke. Siri inayofanywa na mtoto wa darasa la pili kwa vitu vya jikoni kwa mama yake haiwezi tena kumtisha yeye wala mama yake. Wakikutana kesho na mtu anayegeuza maji kuwa mekundu na kudai sadaka, watauliza alichotia ndani. Vilevile tuepuke moto, gesi na kemikali kali. Kuna video nyingi zinazopendeza machoni na kuunguza mikono, na watoto huiga wanachokiona.

Tunajiandaa kuwa wahudumu wa mafumbo. Siku moja, Mungu akipenda, tutashika mkate na divai mbele ya watu, na hakuna rangi itakayobadilika. Tutawaomba waamini kitu ambacho macho hayakioni, wala hakuna chombo cha kukipima. Hatuna haki ya kuomba imani hiyo kwa watu tuliowaacha wadanganywe kwa vitu ambavyo macho yangeweza kuviona na vyombo vingeweza kuvipima. Tuwasaidie kwanza kujua kazi ya maji, hewa na magadi, ili wanapopiga magoti wajue wanapiga magoti mbele ya nani.

Tumsifu Yesu Kristo.