Mwenye mali atangulie, ritifaa ingoje

Mtihani wa darasa la saba ukiisha Septemba, tuisheni za prifomu wani huchipuka Magole kama uyoga. Ninayo yangu, barazani kwangu, karibu na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Walimu wenzangu, somo la umiliki wa Kiingereza tunaliingilia mkiani.

Tunaanza na ritifaa, ile alama ya ('). Ikae hapa kama mwenyewe ni mmoja, isogee pale kama ni wengi na neno limeishia na s, irudi tena ukifika "children". Mtoto anajaza daftari, na kesho yake bado anaandika "hoe Juma".

Kinachomkwamisha ni mpangilio. Kiswahili hutanguliza kitu: jembe la Juma, kisu cha Juma, mashamba ya Juma. Kikaguru cha bibi yake nacho huanza na kitu. Kiingereza humtanguliza mwenye mali, na ngeli hakizijui: "Juma's hoe", "Juma's knife", "Juma's farms". Mtoto aliyepatanisha la, cha na ya kabla hajang'oa meno ya utoto atashindwaje na s moja? Mwambieni tu mapema kwamba safu imegeuzwa.

Mimi siku za mwanzo chaki siigusi. Naokota ndala mlangoni, nauliza ya nani, wanajibu kwa mdomo: "Asha's sandal", "Neema's sandal". Ulimi ukizoea kumtaja mwenyewe kwanza, ndipo tunaandika. Anayesema "the hoe of Juma" simcheki, maana Waingereza nao husema "the roof of the house".

Ritifaa yenyewe wameshaizoea kwenye ng'ombe, ingawa kule kazi yake ni sauti. Na wenye lugha hawajaelewana nayo. Mwaka 2009 jiji la Birmingham liliiondoa kwenye vibao vya mitaa. Mwaka 2012 maduka ya vitabu ya Waterstones yakaifuta kwenye jina lao. John Richards, mwandishi wa habari mstaafu aliyeanzisha chama cha kuitetea mwaka 2001, alikifunga mwaka 2019 akiwa na miaka 96, akilalamika kwamba ujinga na uvivu vimeshinda. Kisha sisi tumkate maksi mtoto wa Magole wiki ya kwanza!

Mifano nayo tuibadilishe. Kofia ya Tom inamhusu nini mtoto wa Kilosa? Wilaya hii wakulima na wafugaji wamefikishana mahakamani, wengine wamezikwa, kwa sababu ya shamba la nani na ng'ombe wa nani. Nikiandika "the farmer's maize" na "the herder's cattle", hasinzii mtu. Juzi kijana wa kifugaji alisimama akapinga: ng'ombe wale ni wa baba yake na baba yake mdogo, kwa nini nimeandika mwenyewe mmoja? Nikafuta, nikaandika "the herders' cattle", ritifaa nyuma ya s. Mtoto wa mkulima naye akataka mahindi yao yaandikwe hivyo hivyo, kwa kuwa mama yake ndiye aliyepalilia.