Mlinganyo Hausemi Yote

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuandika mlinganyo wa mmenyuko wa kikemia na kuusawazisha: kushoto vinavyoingia, kulia vinavyotoka. Akihesabu atomu zikawa sawa pande zote mbili, hupewa alama zake, na somo huishia hapo. Jambo hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Mlinganyo ni mfano wa daftari la mweka hazina: huonyesha mapato na matumizi, wala hauelezi fedha zilipita mikononi mwa nani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Berkeley, California, Dudley Herschbach na wenzake waliukatizisha mkondo mwembamba wa atomu za potasiamu na mkondo wa molekuli za methili iodidi ndani ya ombwe, kisha wakapima molekuli mpya zilirukia upande gani. Potasiamu iodidi ilirudi nyuma, upande ilikotoka potasiamu, kama mpira uliogonga ukuta. Lakini majaribio ya baadaye yalipotumia bromini, potasiamu bromidi iliendelea mbele. Sababu ni kwamba potasiamu, ikiwa bado mbali, huirushia molekuli ya bromini elektroni moja. Papo hapo ioni mbili zenye chaji kinyume huvutana, na atomu moja ya bromini hunyakuliwa njiani. Wataalamu huufananisha mwenendo huu na uvuvi wa chusa: elektroni ndiyo chusa, na mvutano ndio kamba yake.

Katika karatasi, milinganyo hiyo miwili yafanana mno: potasiamu yachukua atomu moja, kilichobaki chaachwa. Njia zake, hata hivyo, ni mbalimbali kabisa. Kwa kazi ya kufuatilia njia za namna hiyo, Herschbach, Yuan T. Lee na John Polanyi walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1986.

Yaweza kusemwa kwamba shule hazina vyombo vya ombwe. Ni kweli, lakini swali halihitaji chombo. Baada ya kila mlinganyo, mwalimu na aulize: chembe hizi zilikutanaje, kwa kasi gani, na kifungo kipi kilikatika kwanza? Aijuaye njia ndiye aelewaye kwa nini joto huharakisha mmenyuko, na kwa nini kichocheo huurahisishia. Aujuaye mlinganyo peke yake atakariri na kufaulu mtihani. Lakini siku atakapokabidhiwa mtambo wa kiwanda cha mbolea, na mmenyuko ukazorota, hatajua pa kuanzia.