Unga hukuumwaga wewe

Kuna maigizo tunayafanya Nairobi kila asubuhi na hakuna anayeyataja. Msee anaamka saa kumi na moja, anaoga, anavaa shati la pasi, anafunga keja, anamwambia keateka "wacha nikimbie wera", halafu anaenda kukaa kwenye benchi pale Jeevanjee mpaka jua lishuke. Wera yenyewe iliisha wiki tatu zilizopita. Mimi nilifanya hivyo siku 19. Hesabu naijua kwa sababu nauli ya mat kwenda na kurudi ilikuwa inakula pesa za tokeni ya stima.

Nilikuwa karani wa ghala huko Industrial Area. Jumatatu moja tukaitwa watu 23, tukapewa barua, tukaambiwa kampuni "inajipanga upya". Kufika saa sita nilikuwa nje ya geti na sweta na kikombe changu ndani ya mfuko wa kaki.

Watu husema fulani amemwaga unga. Huo msemo unasikika kana kwamba ulikuwa umebeba bakuli lako ukajikwaa. Lakini Copia ilipowekwa chini ya wasimamizi Mei 2024, vijana waliorudishwa nyumbani hawakujikwaa popote. Wale 260 hivi waliokuwa wakichuja video na picha za Facebook pale Sama, walioambiwa mapema 2023 kwamba kazi hiyo imefungwa, hawakujikwaa pia. Kuna mtu aliinua meza. Ila sisi tunatembea na aibu kama walioangusha, na hiyo aibu tunaenda kuiandika kwenye CV.

Unadhani natia chumvi? Fungua CV yako sasa hivi. Angalia kazi ya mwisho. Umeandika ulianza mwaka gani, kisha "hadi leo", sivyo? Na leo hiyo imepita miezi mitano.

Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Nililipa jamaa wa saiba 300 akanipangia CV ya kurasa tatu, picha juu, rangi ya samawati pembeni, na ile aya ya mwanzo inayosema mimi ni mtu mwenye bidii, ninayefanya kazi vizuri kwenye timu na hata peke yangu, na ninayestahimili shinikizo. Jamaa huyo aliandika aya hiyo hiyo kwa msichana aliyekuwa kwenye kiti cha pili, ambaye alikuwa anatafuta kazi ya saluni. Nikaituma kila mahali. Barua pepe moja, anwani 40 zimepangwa pale juu, kila kampuni inaona zile zingine 39. Sijui nilikuwa nafikiria nini.

Nikaitwa intavyu moja tu, Mombasa Road. Madam wa HR alikuwa mpole sana. Akaniuliza, "Huko uliko sasa, notisi yako ni ya muda gani?" Nikasema mwezi mmoja. Akauliza, "Na nikimpigia bosi wako leo, kutakuwa na shida?" Kimya. Yaani niliskia feni ikizunguka. Nikaanza kuzungusha maneno, akafunga faili polepole, akasema watanipigia. Mpaka wa leo nasubiri.

Kilichoniuma ni kwamba jibu la kweli lingepita. Kampuni ilipunguza watu 23, mimi nikiwa mmoja wao, barua hii hapa. Sentensi moja. HR wa Nairobi amesikia hayo mara ngapi tangu korona? Hajali umepunguzwa. Anajali umemdanganya.

Na hiyo barua, usiitupe. Sheria ya Ajira ya 2007 imepanga namna mtu anavyopunguzwa: notisi ya maandishi ya mwezi mmoja na ofisa wa leba kufahamishwa, likizo ambazo hukuchukua zigeuzwe pesa, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Ikiwa ulipewa soo mbili za nauli na pole, kuna ofisi ya leba, nenda. Ila ninachotaka ukishike kwa ajili ya CV ni kitu kingine: cheti cha utumishi. Mwajiri halazimiki kukuandikia barua ya kukusifu, lakini ukishafanya kazi kwake zaidi ya wiki nne, ni haki yako upewe cheti kinachoonyesha ulianza lini, ukaisha lini na ulifanya kazi gani. Wengi tunaondoka bila hiyo karatasi kwa sababu tunataka kutoka getini haraka kabla hatujaonekana tukilia. Mimi nilirudi kuichukua baada ya miezi miwili. Mlinzi alinisalimia kwa jina na akanifungulia, basi. Yale yote niliyokuwa nikiogopa hayakutokea.

Sasa CV. Nilifuta kila kitu nikaanza upya na ukurasa mmoja. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na kando yake: nafasi iliondolewa kampuni ilipopunguza wafanyakazi. Basi. Kisha nikajiuliza swali ambalo jamaa wa saiba hakuwahi kuniuliza: kwani mchana kutwa nilikuwa nafanya nini? Hapo ndipo kazi ilipo, na itakuchukua jioni nzima, pengine mbili. Mwanzoni nilikuwa nimeandika "kusimamia bidhaa". Hiyo ni nini sasa? Ukweli ni kwamba nilipokea malori sita hadi tisa kwa siku, nikalinganisha mzigo na hati ya kupokelea, nikaingiza kwenye mfumo, na kila Ijumaa jioni nikahesabu rafu za upande wa sabuni na mafuta. Nilifundisha vibarua wanne wapya kutumia kile kifaa cha kusoma misimbo. Mara mbili niligundua lori limeleta pungufu kabla dereva hajasainiwa. Hayo yote yalikuwa yamejificha chini ya maneno mawili.

Wewe ulikuwa unauza duka la simu? Uza mangapi kwa wiki? Ulikuwa unajibu wateja kwa simu? Simu ngapi kwa siku, lugha ngapi? Kama hujui idadi kamili, weka makadirio ambayo unaweza kuyatetea mtu akikukazia macho. Usiongeze. Mwenye kampuni ya malori hahitaji kujua wewe ni mtu wa bidii, anahitaji kujua umewahi kusimama kwenye mlango wa ghala.

Kuhusu masomo, wacha niseme yangu kwa sababu najua siko peke yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imekataa kabisa. CV ya kwanza ilisema bado naendelea. Haikuwa kweli. PSC ilipotangaza Februari 2024 kwamba imepata vyeti ghushi zaidi ya 2,000 kwa wafanyakazi wa umma, tulicheka sana mtandaoni, lakini uongo wangu ulikuwa binamu wa ule wao. Siku hizi naandika nilisoma hadi mwaka wa tatu, tarehe mbili, na sihitaji kuweka maelezo mengine. Kama mikono yako inajua kazi lakini huna karatasi, ulizia mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ule ulio chini ya KNQA. Unapimwa kwa unachoweza kufanya.

Najua utaniambia nini. "Boss, hata CV ikiwa ya dhahabu, hii Nairobi ni ya koneksheni." Sikatai. Kazi nyingi za mtaani hazifiki mtandaoni, zinaishia kwenye simu ya msimamizi anayeuliza "kuna kijana unayemjua?" Lakini hebu fikiria: huyo anayeulizwa atakutaja vipi, na kila asubuhi anakuona ukienda kazini? Keateka wangu ana shemeji ambaye huendesha lori la mizigo kwenda Athi River. Kwa siku 19 nilikuwa nikimpita na shati langu la pasi.

Nilipoacha kutuma CV kama mvua, nilichukua daftari nikaandika watu walioniona nikifanya kazi kwa macho yao. Si mabosi tu. Madereva wa malori, wauzaji wa kampuni zilizokuwa zikituletea bidhaa, wale wenzangu 22. Niliwapigia mmoja mmoja, watatu kwa siku, nikisema: nilipunguzwa, natafuta kazi ya ghala, CV yangu ni hii. Wengine walinipuuza, mmoja akanikopa. Kina sisi 23 tukafungua kikundi cha WhatsApp, nafasi ikionekana inawekwa hapo hata kama wewe mwenyewe unaitaka. Hiyo sheria ilileta kelele kidogo.

Aibu ina hasara nyingine, inakufanya uibiwe. Mtu anayejificha hana wa kumuuliza "hii kazi ni ya kweli?" Kwa hivyo anatuma 1,500 za "medikali" kwa namba ya M-Pesa aliyopewa na mtu ambaye hajawahi kumwona. Wakala halali wa ajira anasajiliwa na NEA, kagua kwanza. Na ukidaiwa barua ya tabia njema na ya KRA na ya HELB kabla hata hujapewa ofa, jua kwamba sheria ilirekebishwa 2022: mwajiri haruhusiwi kukuitisha vyeti hivyo mpaka awe tayari kukuandikia mkataba.

Mwisho kabisa nilimpigia mathe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Na hiyo nauli umekuwa ukiitoa wapi?" Alhamisi akalisema kwa chama. Mama mmoja hapo ana mwanawe ambaye ni msimamizi wa ghala Mlolongo, wakawa wanatafuta mtu wa kupokea mizigo. Nilituma ule ukurasa mmoja usiku huo. Kwa intavyu aliniuliza tu kuhusu yale malori mawili yaliyoleta pungufu.

Ni mkataba wa miezi sita, si wa kudumu. Kila Ijumaa naandika kwenye simu nilichofanya wiki hiyo, malori mangapi, makosa mangapi. Unaisha Novemba, na hiyo tarehe nimeshaiweka kwenye CV.