Pua Inayowasha, Kifua Kinachobana

Na Mwanaidi Kombo

Jioni ya Novemba 21, 2016, dhoruba ya radi ilipiga jiji la Melbourne, Australia. Chavua ya nyasi iliyojaa hewani ilipasuka kwa unyevu ikawa chembe ndogo mno, watu wakazivuta hadi mapafuni. Maelfu walikimbilia hospitali wakitweta, na 10 wakafariki. Wengi wa walioathirika walikuwa na mafua ya mzio, na baadhi hawakuwahi kuambiwa kwamba wana pumu.

Naukumbusha msiba huo kwa sababu hapa kwetu pua na kifua bado tunavitibu kama vya watu wawili. Mtoto akipiga chafya kila alfajiri na kujisugua pua kwa kiganja, tunasema ana mafua tu, yatapita. Akianza kukohoa usiku na kifua kulia kama filimbi, ndipo tunashtuka. Lakini njia ya hewa ni moja. Pua huchuja vumbi na kuipasha hewa joto. Ikiziba, mtu huhemea mdomoni, na hewa isiyochujwa huingia kwenye mirija ambayo tayari imevimba. Ndiyo maana mwenye pumu ambaye pua yake haijatibiwa hubanwa mara kwa mara.

Kwetu si chavua peke yake. Kuna utitiri wa kwenye magodoro na mito, mende, ukungu wa kuta wakati wa masika, na moshi wa kuni na mkaa unaochokoza zaidi. Kufua mashuka kwa maji ya moto na kutoa jiko nje kunasaidia, ila nisiwadanganye wazazi: usafi hautoshi bila dawa.

Na dawa yenyewe ndiyo tunayoiogopa. Steroidi ya kupuliza puani hutuliza uvimbe ikitumiwa kila siku, si siku ya chafya tu. Kifuani ni vivyo hivyo. Inhela ya bluu, yaani salbutamoli, hufungua mirija kwa saa chache na kuuacha uvimbe palepale. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hauwashauri tena watu wazima na vijana kutegemea salbutamoli peke yake. Wanahitaji pia steroidi ya kuvuta. Kipimo chake ni kidogo, na kusukutua mdomo baada ya kuvuta hupunguza madhara ya kinywani. Zahanati yenye salbutamoli bila steroidi inamwacha mgonjwa nusu njia, na hilo wizara zetu za afya zinapaswa kulirekebisha.

Ukienda kliniki ya pumu, daktari asipouliza, mwambie wewe: pua huziba saa ngapi, mwanao hulala mdomo wazi, chafya huzidi msimu gani. Kisha omba akuonyeshe jinsi ya kuitumia inhela, na umwonyeshe nawe mbele yake kabla hujaondoka.