Usiende Huko, Utajifungia Milango

Kuna nchi ambazo ukizikanyaga mara moja tu, kwa siku tatu, kwa mazishi au kwa sala, unahesabiwa umebadilika. Hujaiba wala hujampiga mtu. Umesimama mahali fulani, na kuanzia siku hiyo nchi nyingine, ambayo pengine haiko hata katika bara hilo, inakutazama kwa jicho jingine. Watu wengi wazuri wamekubali kuuita utaratibu huu tahadhari. Mimi nauita uvivu, uvivu wa mwenye nguvu ambaye haoni sababu ya kukuuliza ulikwenda kufanya nini maadamu anajua ulikwenda wapi.

Nianze na sheria yenyewe. Tarehe 13 Novemba 2015 watu 130 waliuawa katika mashambulizi ya Paris. Tarehe 2 Desemba mwaka huohuo watu 14 waliuawa San Bernardino, California. Kufikia tarehe 18 Desemba, Rais Barack Obama alikuwa ameshatia saini sheria mpya ya kubana safari, iliyopitishwa pamoja na muswada mkubwa wa bajeti. Kabla ya hapo, raia wa nchi kama arobaini hivi, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Japani zikiwamo, waliweza kuingia Marekani kwa muda usiozidi siku 90 bila viza. Walijaza fomu fupi ya mtandaoni, ile idhini iitwayo ESTA, wakapanda ndege. Sheria mpya ikasema: aliyefika Iraq, Syria, Iran au Sudan tangu tarehe 1 Machi 2011 hana tena njia hiyo. Februari 2016 zikaongezwa Libya, Somalia na Yemen. Baadaye ikaja Korea Kaskazini, kisha Cuba.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kusema hayo ni matatizo ya Wazungu. Sisi pasipoti zetu hazijawahi kuingia kwenye mpango huo. Tunapanga foleni ya viza tangu zamani, wao nao waonje. Nimeisikia kauli hiyo, na sikatai kwamba inachekesha. Ila haina ukweli. Watu waliobanwa na sheria hii mara nyingi si Wazungu. Ni Msomali mwenye pasipoti ya Uholanzi aliyekwenda Mogadishu kumzika mama yake. Ni kijana aliyezaliwa London kwa baba wa Kiirani, ambaye sheria inamzuia kwa uraia wa baba hata kama hajawahi kuiona Tehran. Na ni shangazi yangu.

Shangazi alizaliwa Tanga na akaolewa Leicester, mji uliopokea maelfu ya Wahindi wa Afrika Mashariki baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, utaifishaji wa majumba Tanzania mwaka 1971, na amri ya Idi Amin ya kuwafukuza Waasia Uganda mwaka 1972. Ana pasipoti ya Uingereza na Kiswahili cha Tanga kisichochuja. Ni Mshia, kama sisi sote nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 2014 alikwenda Iraq kwa ziara ya Arubaini ya Imam Hussein. Alitembea kutoka Najaf hadi Karbala, kama kilomita 80, kwa siku tatu, miguu ikivimba. Njiani kuna nguzo zenye namba, zaidi ya elfu moja, na watu hupeana miadi kwazo: tukutane nguzo ya mia nne. Kati ya nguzo na nguzo, wenyeji wa Iraq husimama barabarani wakikubembeleza ule chakula chao, ulale kwao, wakukande miguu, na hawachukui hata senti. Shangazi anasema hajawahi kuonewa huruma na watu wengi namna ile asiowajua.

Kumbuka ulikuwa mwaka gani. Kundi la Dola la Kiislamu lilikuwa limeshaiteka Mosul tangu Juni. Kundi hilo liliwahesabu Mashia kuwa wameritadi na liliwaua popote lilipowapata. Kwa hiyo wale waliokuwa wakitembea kwenda Karbala mwaka ule walikuwa miongoni mwa watu ambao magaidi hao waliwachukia kuliko wote duniani. Kisha ikaja sheria iliyotungwa kwa kuwaogopa magaidi hao, ikamweka shangazi yangu katika kapu moja nao, kwa sababu wote wawili walikuwa wamefika Iraq.

Mwanawe alipopata mtoto Michigan, shangazi alijaza fomu ya mtandaoni. Ilimuuliza kama amewahi kufika nchi hizo. Akajibu ndiyo, kwa sababu ni kweli. Hakupata idhini. Akaelekezwa akaombe viza.

Hapa ndipo watetezi wa sheria hupandia. Hakunyimwa kuingia, husema. Ameambiwa *tu* akaombe viza. Na kweli, alikuja kuipata, na viza ya namna hiyo yaweza kudumu miaka kumi. Basi analalamikia nini? Analalamikia hiyo "tu". Leo ESTA ni kama dola 40 na unaijaza ukiwa jikoni. Ada ya maombi ya viza ya matembezi ni dola 185, na hairudishwi ukikataliwa. Juu yake kuna nauli ya kwenda kwenye mahojiano, karatasi za benki, miezi ya kusubiri miadi, na dakika chache mbele ya kioo ambamo mwanamke wa miaka sitini anaeleza kwa nini alikwenda kuzuru kaburi. Alipomfikia mjukuu, mtoto alikuwa ameshajifunza kukaa. Sisi wenye pasipoti za Tanzania tunaijua hiyo "tu" vizuri. Kwamba tumeizoea si sababu ya kuipongeza inapowafikia wengine.

Hoja ya usalama naichukulia kwa uzito. Ni kweli kwamba maelfu ya vijana kutoka Ulaya walikwenda Syria kupigana, na baadhi ya waliofanya mashambulizi ya Paris walikuwa wametokea huko. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Lakini tuulize chombo hiki kinamnasa nani. Mpiganaji aliyevuka mpaka wa Uturuki kwa kificho usiku hana muhuri wa Syria kwenye pasipoti yake. Fomu inamuuliza kama alifika Syria, naye anaweka alama kwenye hapana. Atakayeandika ndiyo ni shangazi. Kuhusu San Bernardino, mwanamume alikuwa raia wa Marekani mzaliwa wa humohumo, na mkewe aliingia kwa viza ya uchumba, baada ya kuhojiwa. Hakuna hata mmoja wao aliyepita katika mlango uliofungwa.

Tena sheria yenyewe inakiri kwamba kufika Iraq si uhalifu, maana ina misamaha. Askari na watumishi wa serikali waliokwenda kikazi hawaguswi. Mwanzoni mwa 2016, serikali ya Marekani ilipotangaza namna itakavyoitekeleza, ilitaja watu wengine wanaoweza kufikiriwa mmojammoja: wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa na ya misaada, waandishi wa habari, na waliokwenda Iran au Iraq kwa biashara halali; kwa Iran, baada ya makubaliano ya nyuklia ya Julai 2015. Isome orodha hiyo taratibu. Muuza mitambo ya mafuta yumo. Mwanahabari yumo. Aliyekwenda kumuuguza baba hayumo. Aliyekwenda kusali hayumo. Kumbe inawezekana kabisa kutofautisha safari na safari, na waliotofautisha walichagua. Waliona fedha ni sababu inayoeleweka ya kwenda Basra, ila damu na dini hazikuonekana.

Halafu kuna ndugu zetu wa Toronto. Jamii hiihii iliyotoka Tanga, Mombasa na Zanzibar iligawanyika, wengine Uingereza, wengine Kanada. Raia wa Kanada huingia Marekani bila viza kwa utaratibu mwingine kabisa, usiopitia ESTA, kwa hiyo sheria hii haiwagusi. Binamu wawili wanaweza kutembea bega kwa bega kutoka Najaf, wakala sahani moja, wakalala hema moja. Mmoja akirudi Toronto, njia yake ya kwenda New York ni ileile. Mwingine akirudi Leicester, yake imefungwa. Kama hatari imo katika kufika Karbala, imepoteaje kwa mwenye pasipoti ya Kanada?

Wala orodha yenyewe haifuati hatari. Inafuata upepo wa Washington. Cuba iliondolewa katika orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi mwaka 2015. Ikarudishwa tarehe 12 Januari 2021, siku nane kabla ya Donald Trump kuondoka madarakani. Januari 2025 Joe Biden akatangaza kuiondoa tena. Trump akaapishwa tarehe 20, na siku hiyohiyo akalifuta tangazo hilo. Mjerumani aliyekwenda kucheza salsa Havana Desemba 2020 yuko salama. Aliyekwenda mwezi uliofuata, baada ya tarehe hiyo, akacheza ukumbi uleule, anahitaji viza. Na tarehe hizo hazichakai. Sheria haisemi baada ya miaka mitano au kumi utasamehewa. Mtoto aliyebebwa mgongoni Karbala mwaka 2012 leo ni kijana, na swali linamngoja. Cha ajabu, fomu ya kawaida ya viza, ile tunayojaza sisi, inauliza nchi ulizotembelea katika miaka mitano iliyopita. Wenye pasipoti zenye nguvu wanarudishwa hadi 2011.

Nisingependa mtu adhani uvivu huu ni wa Marekani peke yake. Lebanon humzuia mgeni mwenye muhuri wa Israel. Israel nayo, tangu 2013, imekuwa ikiwapa wageni wa uwanja wa ndege kikaratasi cha buluu badala ya kugonga muhuri, ili wasije wakakwama kwingine. Lakini ukiondoka kwa barabara kuingia Misri kupitia Taba, muhuri wa Misri unakusema, kwa sababu ng'ambo ya kituo hicho hakuna nchi nyingine ila Israel. Kwa hiyo Mkristo aliyekwenda Bethlehemu na Mwislamu aliyekwenda kusali Al-Aqsa wote wanaweza kurudishwa Beirut, kwa kosa la kupita mlango pekee unaofikisha huko. Tofauti ni kwamba Beirut wanatazama karatasi, na Washington wanakuuliza mwenyewe. Mantiki ni ileile: ardhi inachafua.

Na mantiki hiyo imetufundisha tabia mbaya. Kaa na wasafiri jioni moja, utasikia elimu inayogawiwa bure: badilisha pasipoti kabla ya kuomba viza; omba muhuri ugongwe kwenye karatasi ya pembeni; kama una pasipoti mbili ingia kwa moja utoke kwa nyingine; ukiulizwa, sema Uturuki tu. Ushauri huu hutolewa kwa upendo, lakini ni mtego. Pasipoti mpya haifuti safari, kwa kuwa fomu haiulizi pasipoti imefika wapi, inakuuliza wewe. Na anayedanganya katika maombi ya kuingia Marekani anaweza kuzuiwa maisha yake yote, jambo ambalo Karbala yenyewe haikuwahi kumfanyia mtu. Utaratibu unaomgharimu msema kweli dola 185 na kumshawishi mwenzake aseme uongo hauwezi kuitwa ulinzi.

Hata sisi tusio na ESTA ya kupoteza tumeshaanza kutii kabla hatujaamriwa. Ninasomea shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu unahusu safari za watu wa pwani yetu kwenda Najaf na Karbala. Nilipotaja kwamba ninataka kwenda, watu wanne waliniambia maneno karibu yaleyale: usiende huko, utajifungia milango. Hakuna aliyesema Iraq haina ninachokitafuta. Walikuwa wakifikiria shahada ya uzamivu ambayo sijaiomba, katika chuo nisichokijua, mbele ya afisa ambaye bado hajaniuliza kitu. Hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi, na haiandikwi popote: vitabu ambavyo havitaandikwa, bibi ambao hawatatembelewa, mazishi yatakayohudhuriwa kwa simu. Serikali ya mbali imeweka kizuizi kwenye mlango wake, nasi tumekihamishia vichwani mwetu.

Ninachodai si kikubwa. Swali liwe ulikwenda kufanya nini, na jibu lichunguzwe. Alama ya safari iwe na mwisho, kama deni lolote. Na kama biashara ni sababu inayotosha kusamehewa, basi ziara na mazishi ziwekwe mbele yake, maana mfanyabiashara anaweza kubadilisha soko, lakini hakuna awezaye kuhamisha kaburi la mama yake.

Kwetu sisi nadai zaidi. Tuache kuwafundisha wadogo zetu kwamba busara ni kuificha njia waliyopita. Aliyefika Karbala, Havana, Mogadishu au Al-Quds aandike kwa herufi kubwa mahali panapoulizwa. Safari hizo zina majina ya watu tuliowafuata huko. Kuyafuta ili afisa apendezwe ni kukubaliana naye kwamba watu hao ni uchafu.