BARUA YA IKUTHA: Mwezi wa Mvua na Watoto Wadogo



Huku Ukambani mtoto wa kiume azaliwaye mvua ikinyesha huitwa Wambua, na wa kike huitwa Mumbua. Msomaji akaaye penye mvua ya kutosha huenda akayaona kuwa ni majina tu kama majina mengine. Lakini sisi tukaao kusini mwa Kitui twajua kwa nini wazee waliona mvua yastahili kuwekwa katika jina la mtu. Misimu yetu ni miwili: wa kwanza toka Machi hata Mei, wa pili toka Oktoba hata Desemba, na huo wa pili ndio tuutegemeao zaidi. Ukikosa, hapana chakula wala hapana karo. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ilifuatana yenye mvua haba katika sehemu nyingi kavu za Kenya, na watu wengi wakauza mifugo yao kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo mvua ya mwisho wa mwaka 2023 ilipokuja kwa wingi, mwaka ule wa El Niño, kila mtu wa hapa alikimbilia shambani. Nataka kuwaeleza jinsi mwezi wa Novemba ulivyokwenda nyumbani kwangu. Sisemi kwa kujisifu, maana sina la kujisifia. Nasema kwa kuwa nilikosea jambo moja ambalo nadhani akina baba wengi hulikosea, na kwa kosa hilo nilikaribia kumpoteza mtoto.

Mimi ni karani. Siku tano za juma mkono wangu hushika kalamu, na siku ya sita hushika jembe. Kwa desturi ya kazi yangu naliandika mambo yote ya msimu katika daftari: siku ya kukodi maksai na plau, kiasi cha mbegu za ndengu, kunde, mtama na mahindi, siku ya kupanda, siku ya palizi ya kwanza na ya pili, na fedha za vibarua. Daftari lile lilikuwa safi hata likanipendeza mwenyewe. Lakini nyumbani mwangu mlikuwamo watoto wanne: binti wa miaka tisa, mvulana wa miaka sita, msichana wa miaka mitatu, na mtoto mchanga wa miezi tisa kasoro siku chache. Katika daftari langu lote hapakuwa na mstari hata mmoja uliowataja.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Nikajiambia kwamba hiyo ni bahati njema, maana yule binti mkubwa atawaangalia wadogo zake. Basi kila siku mama watoto aliamka kabla ya jogoo wa pili, akateka maji, akakama mbuzi, akapika uji wa sufuria nzima, akamnyonyesha mtoto, kisha akashika njia ya shamba. Uji ule ndio ulioliwa asubuhi, na uliobaki ndio ulioliwa adhuhuri, ukiwa umepoa na nzi wameujua. Mama alirudi jua likiwa limekwisha kupita utosini, akakuta mmoja analia, wa pili hajulikani alipo, na binti yangu amembeba mtoto mgongoni, macho yake mekundu kwa kuchoka. Miaka tisa ni umri wa kuruka kamba, ndugu zangu. Nami nilimfanya kuwa mama wa watu watatu.

Liko tena jambo la maji, ambalo yafaa tulitazame vizuri. Wakati wa kiangazi wanawake wetu hufukua visima katika mchanga wa mito iliyokauka. Maji yale hupatikana kwa taabu, lakini mchanga umeyachuja. Mvua ikija, mito hushuka kwa nguvu, visima vile hufukiwa, na kila mtu hufurahi kuchota katika madimbwi yaliyo karibu na nyumba. Taabu ya kwenda mbali imekwisha, naam, lakini maji ya dimbwi yamepita juu ya nchi yote, yakakusanya mavi ya mifugo na ya watu. Hivyo mvua ile ile iletayo ndengu huleta na ugonjwa wa kuhara, na wa kwanza kushikwa ni watoto wadogo. Jambo hilo nalilijua. Nalilisoma mara nyingi. Lakini kulisoma ni mbali na kulitenda.

Siku ya Jumanne ya juma la tatu mtoto mchanga alianza kuhara. Mama watoto akaniambia usiku. Nikamjibu, "Ni meno hayo. Tumalize kwanza palizi ya ndengu, majani yasije yakatushinda." Jumatano akatapika. Alhamisi alfajiri mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita Susu, alimchukua mtoto mapajani, akamtazama kitambo, kisha akaniita. Akasema, "Mwanangu, njoo uone. Mtoto huyu analia bila machozi." Nikatazama. Macho yalikuwa yameingia ndani. Susu akaifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili akaiachilia, nayo ikakaa imesimama kidogo kabla ya kurudi mahali pake.

Nikapiga simu kwa kijana wa boda boda. Akaja mpaka ukingo wa pili wa korongo, akasimama huko, maana usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani na maji yalikuwa yakipita kwa kishindo. Hapakuwa na mtu wa kuvuka. Nilisimama pale ukingoni na fedha mfukoni, na simu mkononi, na daftari langu katika mfuko wa shati, na vyote vitatu havikunifaa kitu.

Aliyetuokoa siku ile ni mama mmoja jirani, ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuja kwa miguu, katika mkoba wake akiwa na pakiti za chumvi ya kunywa ya ORS na vidonge vya zinki. Akaosha mikono kwa sabuni, akachemsha maji, akayapoza, akapima kama pakiti ilivyoandikwa. Kisha akamfundisha mama watoto kumpa mtoto kijiko kimoja kimoja, polepole, na akitapika angoje kama dakika kumi ndipo aanze tena. Akasema asiache kunyonyesha hata kidogo. Tulishikana zamu na kijiko kile toka asubuhi hata jioni: mama yake, Susu, na mimi. Saa kumi mtoto akakojoa. Sijapata kuona nguo iliyolowa ikapokewa kwa furaha kama ile.

Dawa hiyo yaonekana kuwa ndogo mno, na watu wengi huidharau kwa sababu si sindano. Lakini sikilizeni habari hii. Mwaka 1971 mamilioni ya wakimbizi wa vita walikimbilia India kutoka nchi ambayo leo ni Bangladesh, na kipindupindu kikawashika katika kambi ya Bangaon. Maji ya kutiwa mshipani yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari, na watoaji wakawa ni jamaa zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Basi kijiko cha mama, kikishikwa kwa saburi, si kitu cha kudharauliwa.

Ijumaa asubuhi maji ya korongo yalipungua tukavuka hata hospitali. Muuguzi alimtazama mtoto, akasema ameponea, akatuagiza tumalize vidonge vya zinki kwa siku zote tulizoandikiwa hata kama kuhara kumekoma. Kisha akaomba kitabu cha kliniki, akakifungua, akaniuliza, "Baba mtoto, huyu alizaliwa tarehe gani?"

Ndugu msomaji, sikuijua. Nilijua ni Februari, lakini siku yenyewe sikuijua. Nami tarehe ya kupanda ndengu nilikuwa nayo mfukoni, na ya kunde, na ya mahindi. Mama watoto ndiye aliyejibu. Hapo ikaonekana kwamba siku ya sindano ya surua, ambayo huchanjwa mtoto atimizapo miezi tisa, ilikuwa imekwisha kupita juma zima, na matone ya vitamini A hakuwa amepata. Muuguzi hakunikemea. Alimchanja mtoto, akampa matone, akaandika tarehe ya kurudi. Laiti angalinikemea, pengine ningaliona haya kidogo kuliko nilivyoona.

Je, palizi? Tuliporudi nyumbani majani yalikuwa yamefika magotini, nami nikakata tamaa. Lakini yule mama jirani alikuwa amewaambia wanawake wa mwethya wake. Jumamosi walikuja watu kumi na wawili na majembe yao, wakaanza alfajiri, na kabla ya jua kuwa kali shamba lote lilikuwa safi. Tukala pamoja muthokoi na kunde. Nilipowauliza kwa nini nisiambiwe mapema kwamba jambo hilo lawezekana, mmoja akacheka akasema, "Karani, wewe hukuuliza." Ni kweli. Naliona haya kuomba msaada, nikidhani mtu mwenye mshahara hana haja na mwethya.

Juma lile nilikaa na mama watoto tukafungua daftari upya, naye ndiye aliyeniambia la kuandika. Nayataja hapa, labda yatamfaa mtu.

Kwanza, siku za kliniki ziandikwe katika ukurasa ule ule wa siku za kupanda na kupalilia, ili zisishindwe na kazi nyingine. Mwezi wa Novemba, kama mwezi wa Mei, kwa kawaida huwa na siku za Malezi Bora nchini Kenya, ambapo watoto walio chini ya miaka mitano hupewa vitamini A na dawa ya minyoo. Siku hizo zaangukia katikati ya shughuli zetu, na ndiyo sababu husahauliwa.

Pili, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, nayo yawekwe katika chombo chenye kifuniko, hasa mito ikishuka. Uji wa adhuhuri upashwe moto hata uchemke, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kulisha mtoto na baada ya kumpangusa.

Tatu, binti mdogo asiachiwe mzigo wa mtu mzima. Nyumba nne za hapa kwetu zilipatana kwamba watoto wote wadogo wakae mahali pamoja chini ya mwembe, na kila siku mama mmoja au bibi mmoja abaki nao kwa zamu, huku wengine wakilima. Binti yangu akapata nafasi ya kucheza, na hata ya kufungua vitabu vyake.

Nne, mtoto akianza kuhara, apewe chumvi ya ORS siku ile ile, wala msingoje palizi imalizike. Akikataa kunywa, au akitapika kila kitu, au akihara damu, au akilegea na kusinzia mno, apelekwe hospitali mara moja.

Tano, baba naye awe na sehemu yake. Mimi nilipewa saa moja ya asubuhi, ya kuwaosha na kuwalisha wawili wa kati kabla ya kwenda kazini. Wazee wengine walinicheka, wakaniuliza kama nimekuwa yaya. Niliwajibu kwamba naliweza kuhesabu mbegu kwa kikombe, basi sioni aibu kuhesabu vijiko vya uji. Wala kazi ile si nyepesi. Msichana wa miaka mitatu asiyetaka kuoga ana nguvu kuliko maksai.

Ndengu tulizivuna Januari, nazo zilikuwa nyingi kuliko tulivyotumaini. Siwezi kusema kwamba tulivuna vizuri kwa sababu tuliwatunza watoto. Mvua ndiyo iliyotuvunisha. Lakini nilipokuwa nikipepeta ndengu, mtoto yule alitambaa hata penye turubai, akashika ukonzi wa ndengu akaumwaga kichwani mwake, akacheka. Nikafikiri kwamba nilikaribia kuwa na magunia yale na kumkosa huyu.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua za mwisho wa mwaka zitakuja tena, kama desturi yake, na kila mmoja wetu ataanza kuandika hesabu za mbegu. Nawaomba, akina baba makarani na wakulima, mkifungua daftari hilo, andikeni juu ya ukurasa wa kwanza tarehe za kuzaliwa za watoto wenu. Kama hamzijui, waulizeni mama zao leo, kabla hajawauliza muuguzi.

Nawatakia kila la heri nyumbani na shambani.

Ni mimi,
Karani wa Ikutha