Programu inapoandika ngoma: rumba yetu itabaki wapi?

Leo kijana anaweza kuketi mbele ya kompyuta katika studio ndogo ya Goma, Bukavu ao Lubumbashi na kupata mdundo mzima bila kugusa ngoma hata moja. Anachagua idadi ya mapigo, anabonyeza, na programu inaandika yenyewe. Ableton Live 12, iliyotoka Machi 2024, ina vifaa vya kazi hiyo ndani yake. Logic Pro ya Apple ilimleta mpiga ngoma wake wa kompyuta tangu 2013. Kazi inaenda mbio na feza zinabaki mfukoni. Lakini mdundo huo unatoka wapi, na ni wa nani?

Tuanzie kwa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta vinatumia kuongea tangu 1983. MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo tu: noti gani ipigwe, wakati gani, na kwa nguvu gani, kutoka 0 hadi 127. Kwa sababu hayo yote ni hesabu, mashine inaweza kuyatunga.

Hesabu moja inayotumiwa sana inatokana na Euclid, Mgiriki wa zamani. Mwaka 2005, mtaalamu Godfried Toussaint, wa Montréal, alionyesha kwamba ukigawa mapigo sawasawa kadiri inavyowezekana, unapata midundo mingi ya asili. Mapigo 3 katika nafasi 8 yanatoa 3-3-2, mdundo unaojulikana Kuba na Afrika.

Sasa tujaribu rumba. Ipe mashine mapigo 5 katika nafasi 16: itagawa 3-3-3-3-4. Lakini klave ya Kuba, yenye mizizi Afrika, ambayo ilirudi kwetu kupitia sahani za muziki, inahesabu 3-3-4-2-4. Na katika soukous, pigo la mwisho linawahi kidogo: 3-3-4-1-5. Mapigo ni yale yale matano, lakini mchezaji anasikia tofauti mara moja. Wazee wetu hawakugawa sawasawa, na utamu wa sebene uko hapo hapo.

Ndiyo maana hatari kubwa si mashine yenyewe. Hatari ni kukubali jibu lake la kwanza. Anayebonyeza Goma na anayebonyeza Paris wakichagua namba zile zile, watapata kitu kile kile. UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, lakini maandishi hayo hayaingizi klave yetu ndani ya programu. Ni sisi wa kuiingiza. Programu hizo zinakubali mtu aandike mdundo wake kwa mkono, auhifadhi na kumpa mwenzake. FL Studio inaruhusu hata kuandika kanuni zako za kutunga noti. Kijana wa studio akiketi saa moja na mpiga ngoma mzee wa mtaa, atatoka na kitu ambacho hakimo katika mashine yoyote.

Inabaki sheria. Sheria yetu ya haki za watunzi ni ya 1986, na haiongelei mdundo ulioandikwa na programu. Marekani, ofisi inayohusika na haki hizo ilisema Januari 2025 kwamba kuandika ombi tu kwa mashine hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Mkono wa mtu lazima uonekane. Kwa kungojea wabunge wetu wasema lao, msanii atunze faili zake zote, tangu mchoro wa kwanza hadi wimbo kamili, pamoja na tarehe. Siku ya mabishano mbele ya SOCODA ao mahakama, faili hizo ndizo zitaonyesha alichofanya yeye na kilichofanywa na mashine.